Kumpiga Picha Mdudu wa Shambani kwa Karibu

Leo tuiache mbolea kidogo, na mbegu tuziache pia. Tuzungumze juu ya picha. Si picha ya harusi wala ya kipaimara. Ni picha ya mdudu na ya jani bovu, picha ya kitu kidogo kiasi cha punje ya mtama, iliyopigwa kwa karibu mpaka alama zake zikaonekana.

Labda utauliza, mkulima na picha wapi na wapi? Basi sikiliza. Bwana shamba ni mmoja na vijiji vyake ni vingi, na kwenye milima yetu kijiji kimoja kwenda cha pili ni kushuka korongo na kupanda korongo. Mdudu hamngojei. Kiwavi aliyetoka kwenye yai leo, baada ya wiki mbili au tatu amemaliza kula na anaingia ardhini kugeuka. Siku hizi katika nyumba kumi hukosi simu janja moja au mbili, na wengi wenu mmekwisha kuanza kumtumia bwana shamba picha. Hilo ni jema. Taabu ni picha zenyewe. Bwana shamba anafungua, anaona kijani, kijani, na kitu cheusi katikati. Je, ni kiwavi? Ni kinyesi chake? Au ni kivuli cha kidole chako? Hawezi kujua, na mkulima kule shambani anangoja jibu. Mara nyingi hangoji. Anakwenda dukani, anasema "nipe dawa ya wadudu", anapewa iliyopo, anapiga. Kama dawa siyo yenyewe, fedha imekwenda, mdudu yupo, na wadudu marafiki wamekufa.

Iko sababu ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Picha haiambukizi. Ukichukua tangawizi iliyonyauka ukaitia ndani ya mfuko, ukapanda nayo basi kwenda kumwonyesha mtaalamu, umebeba ugonjwa. Udongo wa mizizi unadondoka njiani, kipande kinabaki kwa jamaa ulikolala. Ukipeleka kiwavi hai kwenye chupa, kifuniko kikifunguka umemsaidia safari. Picha husafiri peke yake.

Hebu tuanze na mahindi, maana hapo ndipo makosa ya kutambua ni mengi. Katika shamba la mahindi unaweza kukuta viwavi wa namna tatu au zaidi. Wako viwavijeshi wa zamani, wale ambao wazee wanawajua, wanaokuja kwa makundi mwaka mmoja na kutoweka mwaka mwingine, wakitembea kama askari kutoka malishoni kuingia shambani. Wako funza wa mabua, wanaotoboa bua na kuua moyo wa mmea. Na yuko huyu mgeni, kiwavijeshi vamizi, aliyetoka bara la Amerika. Afrika alionekana kwanza mwaka 2016 katika nchi za magharibi, na Tanzania akathibitishwa mwaka 2017. Huyu hatembei kwa kundi. Anakaa ndani ya kikombe cha majani, anakula usiku na alfajiri, na kinyesi chake kinajaa pale kama unga wa mbao kwa seremala.

Dawa na wakati wa kuwapiga hawa watatu si mamoja. Sasa utawatofautishaje? Vamizi ana alama mbili, na zote ni ndogo. Usoni ana mstari mweupeupe kama herufi Y iliyopinduliwa kichwa chini. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, mgongoni, ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba, kama miguu minne ya kigoda kilichopinduliwa. Hiyo ya mraba ndiyo ya kuaminika zaidi, maana viwavi wengine nao huwa na kitu kama Y usoni. Kiwavi mkubwa wa vamizi ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, na madoa hayo utayaona kwa macho. Lakini kumkuta akiwa mkubwa ni kumkuta umechelewa. Amekwisha kuzama ndani ya kikombe, dawa haimfikii vizuri. Wa kumkamata ni mdogo, chini ya sentimita moja, anayekwangua jani na kuacha madirisha meupe. Na kwa mdogo huyo, bila kioo cha kukuza, huoni alama yoyote.

Basi tuje kwenye simu. Weka kiganja chako mbele ya jicho, kisha ukisogeze polepole mpaka kikaribie kugusa pua. Mistari ya kiganja inapotea, si kweli? Lenzi ya simu ni hivyo hivyo. Simu nyingi haziwezi kuona kwa ukali kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10 hivi. Wengi wetu tukimwona mdudu mdogo tunaisogeza simu mpaka karibu imguse, halafu tunashangaa picha ina ukungu. Ipime simu yako nyumbani kwa rula ya mtoto wa shule. Piga maandishi ya gazeti kutoka sentimita 5, 7, 10, 12. Ukijua mahali maandishi yanapoanza kusomeka, huo ndio umbali wa simu yako, ukariri. Shambani usiende karibu kuliko hapo.

"Lakini mdudu anabaki mdogo kwenye picha!" Ndiyo, na si neno. Picha ndogo yenye ukali inaweza kukatwa na kukuzwa baadaye, ile yenye ukungu haina dawa. Wala usidanganyike na kile kitendo cha kutanua vidole viwili kwenye kioo cha simu ili kuvuta. Katika simu nyingi hakuongezi lolote, kunanyoosha tu picha ile ile kama kuvuta kanga mpaka maua yafifie.

Ukitaka kwenda karibu zaidi ya hapo, unahitaji kioo cha kukuza mbele ya lenzi ya simu. Kipo kile cha mkono wanachotumia watafiti wa wadudu, kinachokunjika ndani ya kibati chake, mara nyingi kinakuza mara kumi. Fundi saa anacho cha kwake cha kubana jichoni, nacho kinafaa sana. Darubini mbovu ina vioo vyema ndani yake, usiitupe. Madukani zipo pia lenzi ndogo za kubana kwenye simu kama kibanio cha nguo. Hata tone la maji kwenye lenzi hukuza, na vijana hupenda kulionyesha, lakini mimi silishauri: simu si ya kuoga, na tone linacheza ukitikisika.

Kioo chochote cha kukuza kina umbali wake, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua 25, gawanya kwa idadi ya mara kinazokuza, unapata umbali kwa sentimita. Kinachokuza mara kumi, mdudu awe sentimita 2 na nusu kutoka kwenye kioo. Kinachokuza mara tano, sentimita 5. Ukizidisha kidogo au kupunguza kidogo, ukungu. Ndiyo maana anayeanza na aanze na cha mara tano, kinasamehe makosa.

Kioo kiguse simu kabisa, kati kwa kati na lenzi. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, tengeneza pete, ukishikize, mikono yako ibaki huru. Kama simu yako ina macho matatu au manne, funika moja moja kwa kidole ukitazama kioo cha simu, ndipo utajua lipi ndilo linalofanya kazi. Ziko simu ambazo ukikaribia kitu zinarukia jicho jingine zenyewe bila kukuuliza. Hizo, macho mengine yazibe kwa kipande cha plasta. Na katika simu za bei nafuu, lile jicho dogo lililowekwa eti kwa ajili ya vitu vya karibu mara nyingi halishindi jicho kuu likisaidiwa na kioo cha mkono.

Enzi za filamu mambo yalikuwa na gharama. Mpiga picha wa wadudu alitia pete za chuma kati ya kamera na lenzi ili lenzi isogee mbele na kukuza, au aliifungua lenzi akaigeuza kinyume, mbele ikawa nyuma. Mbinu hizo zilifanya kazi na hata leo wenye kamera kubwa wanazitumia. Lakini filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ililipiwa kusafishwa. Wewe leo piga 20, futa 18. Hulipi kitu.

Nakuomba upige nyingi kwa sababu. Kadiri unavyokwenda karibu, ndivyo sehemu inayoonekana kwa ukali inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa kioo cha mara kumi huwa nyembamba kiasi cha unene wa punje ya mchele, au pungufu. Ukali ukikaa kichwani, mkia una ukungu. Kwa hiyo kwanza, mlaze mdudu sambamba na simu. Ukitaka mgongo wake, simu iwe juu yake kabisa, isiinamie upande. Ukitaka uso, mtazame ana kwa ana. Pili, usihangaike kugusagusa kioo cha simu ili itafute ukali. Bana viwiko mbavuni au viweke magotini, toa pumzi, kisha yumba mwili wote mbele na nyuma polepole sana, kama mtu anayesinzia, huku unapiga mfululizo. Katika hizo nyingi, moja itakuwa imeshika pale pale. Kama kubonyeza kunatikisa simu, tumia kile kipimo cha sekunde mbili, au kitufe cha pembeni cha sauti.

Kwa vamizi, basi, tunataka picha mbili za karibu: uso, na mkia kwa juu. Mkulima akinitumia mbili hizo zikiwa na ukali, kazi imekwisha.

Mwanga nao una mambo. Jua la saa sita kule Makanya ni kali, linachoma upande mmoja wa mdudu ukawa mweupe na upande wa pili ukawa giza tupu. Mtie kivulini. Kivuli cha kofia kinatosha, au cha kanga iliyoshikwa na mtoto. Kisha chukua karatasi nyeupe ya daftari, ishike upande wa pili wa mdudu, itarudisha mwanga kwenye giza. Taa ya simu izime. Ngozi ya kiwavi na jani la tangawizi vinang'aa, na mng'ao huo ndio unaofuta madoa tunayoyatafuta. Na usimweke mdudu juu ya sahani nyeupe. Simu ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na kiwavi anatoka mweusi kama mkaa. Kipande cha boksi la kaki ndicho kitanda chake kizuri. Kama bado ni giza, gusa mdudu mwenyewe kwenye kioo cha simu, nayo itapima mwanga wake badala ya mwanga wa mahali.

Upepo wa tambarare ya Same mnaujua wenyewe. Jani la mhindi likipepea, hakuna picha. Chomeka vijiti viwili, lifunge jani katikati, au kata jani ukalipige nyuma ya ukuta. Lakini dawa bora ya upepo ni saa. Alfajiri upepo umelala, na kule juu, Chome na pande za Shengena, baridi inawafanya wadudu wazubae. Nzige wa saa mbili asubuhi anakusubiri umpige picha. Wa saa saba hakusubiri. Na viwavi kama vamizi hujificha mchana, kwa hiyo asubuhi mapema unawakuta bado wako nje.

Tushuke sasa kwenye nyanya, kwa ndugu zetu wanaomwagilia. Kantangaze mnamjua kwa hasara. Ni mgeni naye, kutoka Amerika ya Kusini. Alivuka kuja Hispania mwaka 2006, akasambaa kusini, na kufika mwaka 2014 alikuwa Tanzania. Buu wake anaishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, na anaingia hata ndani ya tunda. Kumpiga picha jani likiwa limelala ni kupoteza wakati, unaona doa la kahawia tu, na madoa ya kahawia kwenye nyanya ni mengi. Fanya hivi: inua jani kuelekea angani, si kuelekea jua lenyewe, mwanga upite ndani yake, upige kutoka chini. Utaona ajabu. Pale alipokula panakuwa dirisha pana lenye mwanga, na ndani yake kivuli cha buu na vinyesi vyeusi vilivyorundikana. Sasa yuko mwingine, yule inzi mchimba majani. Yeye huacha njia nyembamba inayopindapinda kama mtoto anayejifunza kuandika, haachi dirisha pana. Watu wengi wanampigia inzi huyo dawa za kantangaze. Kantangaze mwenyewe katika nchi nyingi amekwisha kuzoea dawa za aina kadhaa, hivyo kila dawa inayopigwa bila sababu inampa shule.

Tangawizi. Hapa nataka tukae kidogo, maana Mamba Miamba na jirani zake ni tangawizi, na ada ya shule ya watoto wengi imetoka ardhini humo. Tangawizi ikianza kunyauka, majani yakawa ya njano na kujikunja, sababu zinaweza kuwa nyingi: kuoza kwa mizizi kwa sababu ya maji kutuama, ukungu, au mnyauko wa bakteria. Huo wa mwisho ndio mbaya. Bakteria wake hukaa udongoni, husafiri na mbegu, na husafiri na maji. Anayeuza vipande vya mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa, anauza ugonjwa.

Iko njia ya kuutambua isiyo na mashine. Kata bua lililoanza kunyauka karibu na udongo, upate kipande chenye urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye bilauri ya kioo iliyo angavu. Ning'iniza kipande kwa kijiti ili sehemu iliyokatwa iguse maji na kuzama kidogo tu. Ngoja dakika tano, usitikise. Kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye jeraha kwenda chini ya bilauri. Ni hao wenyewe, kwa mamilioni. Njia hii inafaa pia kwa nyanya zinazonyauka zikiwa bado kijani.

Kuzipiga picha nyuzi hizo kuna ufundi wake, maana ni kitu cheupe hafifu ndani ya maji. Weka nyuma ya bilauri kitambaa cheusi, koti au shuka, sentimita 20 nyuma yake. Mwanga utoke pembeni, dirishani, usitoke mbele. Futa bilauri nje, alama za vidole zote zitoke, la sivyo simu italenga vidole vyako badala ya nyuzi. Ikae sentimita 10, usawa wa maji, wala hapa huhitaji kioo cha kukuza. Piga kila baada ya dakika moja, picha tano au sita. Mfululizo huo unamwambia mtaalamu mengi kuliko picha moja.

Na maji hayo, tafadhali sana, usiyamwage kwenye mfereji wala karibu na ndiva. Kule kwetu maji ya ndiva yanapita shamba kwa shamba, ya juu hunywewa na ya chini. Yachemshe kwanza, kisha yamwage shimoni mbali na shamba. Kisu nacho kichovye kwenye maji ya dawa ya kufulia yenye klorini, au kipitishe motoni.

Nyuzi zisipotoka, usishangilie bado. Huenda ni kuoza kwa namna nyingine, na hapo bwana shamba atataka kuona tunguu lenyewe likiwa limepasuliwa katikati. Lipige kivulini, na rula pembeni yake.

Kahawa nitaipitia upesi, wenye kahawa mnanisamehe. Kutu ya majani piga upande wa chini wa jani, ndiko ulikokaa unga wa rangi ya chungwa; upande wa juu ni doa la njano lisilosema kitu. Chulebuni piga kwenye tunda bichi, mwanga wa pembeni, ili ionekane kama doa jeusi limebonyea au limekaa juu tu. Kule Lyamungu kwenye utafiti wa kahawa, kubonyea huko ni neno kubwa.

Lipo jambo ambalo kioo kitakufundisha, na hukulitegemea. Si kila mdudu ni adui. Ukiangalia vidukari kwa karibu, utaona wengine wamevimba, rangi ya kahawia, wamekakamaa, na kila mmoja ana tundu la duara mgongoni. Hao wameuawa na nyigu mdogo sana aliyetaga mayai ndani yao. Shamba lenye maiti nyingi za namna hiyo lina askari wake. Buu wa kipepeo-kobe, yule dudu wa duara mwekundu mwenye madoa, ni mweusi, mrefu, mwenye miiba, anatisha kwa sura. Wengi wanamponda, kumbe anakula vidukari mchana kutwa. Wapige picha na hao. Bwana shamba akiwaona anaweza kukwambia weka bomba chini, ngoja wiki.

Kutazama vizuri kumewahi kuokoa muhogo wa Afrika nzima. Mnamo mwaka 1973 kidung'ata mweupe wa muhogo, yule wa ungaunga, alionekana nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na pande za Kongo Brazzaville, akaanza kukausha mashamba nchi baada ya nchi. Wataalamu walikwenda Amerika ya Kusini, kwao na muhogo, kutafuta maadui wake. Kaskazini mwa bara hilo wakampata mdudu wa ungaunga anayefanana naye, wakachukua maadui wake wakawaleta. Wakakataa kumshambulia wa Afrika. Walipotazamwa kwa karibu ikabainika kuwa hao ni wadudu wawili tofauti. Mwenyewe hasa alipatikana Paraguai mwaka 1981, pamoja na nyigu wake mdogo. Nyigu huyo aliachiwa Nigeria mwaka huo huo, akaenezwa nchi nyingi za muhogo, na ndiye aliyemtuliza. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Haya, picha umeipata, sasa utume. Picha ya karibu peke yake haitoshi. Bwana shamba akiona uso wa kiwavi bila kuona shamba, ni kama daktari anayeonyeshwa jino bila mgonjwa. Tuma shamba lote kwa mbali, tuma mmea mzima, tuma sehemu iliyoliwa, ndipo umtume mdudu. Ndani ya ile ya mdudu weka kitu cha kupimia ukubwa, rula ndiyo bora, la kama huna, njiti ya kiberiti. Andika kijiji, tarehe, aina ya mbegu, umri wa mmea, mimea mingapi katika kumi imeguswa, na dawa uliyokwisha kupiga. Usione haya kutaja dawa. Hatukuulizi ili tukugombeze.

Ukituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha inabanwa ili iwe nyepesi, na madoa manne ya mraba yanaweza kuyeyuka njiani. Itume kama faili la hati, itafika jinsi ilivyo. Inakula bando zaidi, ni kweli. Basi tuma ile nzuri moja kwa njia hiyo, nyingine zipite kawaida. Bwana shamba naye akikwama anaweza kuipeleka mbele, Arusha, kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Iko pia programu ya simu inayoitwa Nuru, ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani pamoja na watafiti wa IITA na shirika la FAO. Ilifundishwa kutambua magonjwa ya muhogo na uharibifu wa vamizi kwenye mahindi, inasema Kiswahili, na ilitengenezwa ifanye kazi hata mahali pasipo mtandao. Nayo pia inataka picha kali. Ukiipa ukungu, itakujibu ukungu. Na jibu lake lichukue kama la jirani mwenye ujuzi, kisha umwulize bwana shamba.

Yako mambo ambayo picha haiyawezi, hata ingepigwa na malaika. Virusi havionekani. Ugonjwa ule wa mahindi unaounguza mmea mzima, uliothibitishwa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka uliofuata, mwanzoni hufanana na njaa ya mbolea, na hakuna lenzi ya kubana itakayokata shauri hilo. Minyoo ya mizizi ni hivyo hivyo: utapiga vinundu, hutawaona wenyewe. Hapo maabara inahitajika, na bwana shamba ndiye wa kusema sampuli ifungwe vipi na ipite wapi. Wewe usiichukue mwenyewe.

Ukishatuma, funga utepe mwekundu au kitambaa kwenye mmea ule ule uliopiga. Baada ya siku tatu rudi, saa ile ile, umbali ule ule, upige tena. Kwa tangawizi fanya hivyo kwa mashina matano yaliyozunguka lile lililonyauka, na kama lipo tuta la chini ambako maji huelekea, funga na huko. Likianza kunyauka la chini kabla ya la pembeni, mwambie bwana shamba upesi, na mfereji wa kwenda kwa jirani uzibe siku hiyo hiyo.